Asia Dadi na Mazalia ya Bangwe

Asia Dadi alizaliwa Ujiji, akaolewa Bangwe, na mumewe alipofariki akabaki hukohuko, katika nyumba ambayo mlango wake unatazama ziwa. Ualimu aliutamani tangu utotoni lakini matokeo ya kidato cha nne yalimwangusha. Akawa anajitolea katika shule ya msingi ya jirani, akiwasomesha watoto waliochelewa kujua kusoma, na siku za mapumziko anaanika dagaa za watu.

Mradi ulipofika Bangwe, ulikuja na mama mmoja kutoka Iringa, jina lake Winfrida. Shirika lake lilipata msaada wa wafadhili wa ng'ambo ili kulinda mazalia ya samaki na kuwafundisha watoto habari za ziwa lao. Katika mkutano wa kwanza wazee walimsikiliza kimya, wakajibu kwa Kiha, wakacheka. Asia akasimama akatafsiri, pamoja na yale ambayo hawakutaka yatafsiriwe. Mwezi uliofuata alikuwa mwajiriwa wa mradi.

Wanaomkumbuka wakati ule wanasema hawajawahi kumwona mtu mwenye furaha vile. Aliwapeleka watoto kwenye maji ya kina kifupi, akawavisha miwani ya kuzamia, akawaonyesha samaki wawili wakubwa aina ya kuhe, dume na jike, wakizunguka juu ya vifaranga vyao.

"Hawa hawali," aliwaambia. "Tangu watage mpaka watoto wakue, baba na mama wanashinda njaa wakilinda."

Watoto walirudi nyumbani wakisimulia hayo hata wakati wa kula.

Kilichobaki kilikuwa kigumu. Winfrida alitaka ghuba ndogo iliyo nyuma ya miamba ifungwe, asivue mtu, na makokoro yasalimishwe. Kokoro ni ule wavu mrefu unaovutwa kwa kamba kutoka ufukweni, unakomba wazazi na vifaranga pamoja. Sheria imeukataza siku nyingi, lakini nusu ya Bangwe ilikula kutokana nao. Na mwenye kokoro kubwa kuliko wote alikuwa Swaibu, kaka yake Asia, aliyemlea tangu baba yao alipokufa.

Asia alimkuta anashona wavu nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Najua umeletwa na nini."

"Basi nisikilize kwanza."

Alimweleza yote. Kwamba samaki wakiachwa wazaliane watatoka nje ya ghuba na kujaa. Kwamba awamu ya pili ya mradi italeta boti ya mashine na nyavu halali, wavuvi waende kilindini kutafuta samaki aina ya migebuka. Swaibu akakata uzi kwa meno.

"Huyo Winfrida simjui," alisema. "Wafadhili wake ndiyo kabisa. Wewe je, unaamini?"

"Naamini, kaka."

"Basi."

Wavu uliteketezwa mchangani mchana kweupe, mbele ya wageni wenye kamera. Nailoni ikayeyuka ikatoa moshi mweusi. Swaibu alisimama kando, mikono nyuma, na wenzake walipoona yeye ametoa, nao wakatoa yao.

Wanaosema ule mradi ulikuwa uongo wanakosea. Ghuba ilipona. Baada ya misimu miwili maji yalikuwa meusi kwa vifaranga, na wavuvi wa ndoano waliokaa nje ya maboya yaliyoweka mpaka wa ghuba walirudi na kuhe wa kushika kwa mikono miwili. Swaibu mwenyewe alikuwa mlinzi wa zamu katika boti ya doria ya mradi. Alikuwa akipita shuleni kuwasalimu kwa Kiha wanafunzi wa klabu ya mazingira aliyoianzisha Asia, "Mwakeye!", nao wanamjibu kwa kelele.

Kisha Winfrida akaja siku moja bila kutarajiwa, akaomba waongee nje.

"Wamebadilisha vipaumbele," alisema. "Fedha zinaenda nchi nyingine. Awamu ya pili haipo."

"Haipo kwa sasa, au haipo?"

"Haipo, Asia. Na mimi mkataba wangu umekwisha."

"Na boti ya mashine niliyomwahidi kaka yangu?"

Winfrida akaanza kulia. Asia alisema baadaye kwamba alitamani sana kumchukia, ikamshinda, maana yule mama naye alikuwa anarudi kwao mikono mitupu. Lakini aliyesimama mbele ya mkutano kuwaambia watu alikuwa Asia peke yake. Hakuna aliyemtukana. Swaibu aliondoka kabla hajamaliza kusema.

Boti ya doria ilipakiwa kwenye lori. Haikupita hata mwezi, mitumbwi ya mialo mingine ya wavuvi ikaingia ghubani na makokoro. Watu wa Bangwe, waliochoma ya kwao, walikaa juu ya miamba wakitazama wageni wakivuna walichokitunza. Walivumilia kidogo tu. Wenye uwezo wakanunua nyavu upya, wasio na uwezo wakashona vyandarua kuwa nyavu.

Asubuhi moja Asia aliingia majini na nguo zake, akasimama mbele ya kamba za kokoro, maji yakimfika kiunoni.

"Jamani, wana mayai hawa! Mnajua wana mayai!"

Wavutaji wakasita. Mama mmoja mwanikaji wa dagaa, aliyewahi kumleta bintiye klabuni kwa mkono wake, akamwita kutoka mchangani, bila ukali.

"Toka tu, mwalimu. Tunajua. Ulitufundisha vizuri. Lakini leo tunakula nini?"

Alitoka. Wakavuta. Vifaranga vidogo mno kuuzwa viliachwa mchangani, vikakaukia hapo.

Swaibu hakuvuta. Wavu hakuwa nao, na kwa umri wake hakuna aliyemtaka kwenye kamba zake. Mkewe, Mwanne, akaenda mwalo wa Kibirizi kubeba mizigo ya dagaa. Swaibu akapanda Kalinzi, milimani, kupalilia kahawa katika shamba la mtu aitwaye Anatoli. Asia alimfuata kwa bodaboda, akamkuta amevaa koti la kuazima kwa baridi ya kule, jembe mkononi.

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka."

"Ulinidanganya?"

"Hapana."

"Basi radhi ya nini?" Alikaa juu ya tuta. "Ungenidanganya ningekuchukia, yakaisha. Lakini mimi niliwaona wale samaki kwa macho yangu, Asia. Nilikaa kwenye boti nikatazama chini nikawaona. Siwezi tena kusimama pale ufukweni."

"Rudi nyumbani. Tutakula nilicho nacho."

"Hapa sioni maji. Inatosha."

Alifia hukohuko, msimu wa masika, kwa homa ya mapafu. Alizikwa Ujiji, na waliobeba jeneza ni wale wavutaji wake wa zamani. Mmoja wao alimpa Asia mkono wa pole. Wengine walipita wakitazama chini.

Klabu bado ipo, siku za Ijumaa, bila mshahara. Miwani imepasuka, na ghubani hakuna cha kutazama, hivyo anawachorea samaki ubaoni. Watoto wengine wanadhani ni hadithi.

Mwaka jana lilikuja shirika jipya, na gari jipya. Kijana mpole, Eliakimu, alimkuta shuleni akamwambia wameelezwa kwamba watu wa Bangwe humsikiliza yeye.

"Mtakaa mpaka lini?" Asia aliuliza.

"Awamu hii ni miaka mitatu, mama. Baada ya hapo itategemea wafadhili."

"Watoto nitawafundisha, lolote watakaloniuliza. Kwa hilo niite wakati wowote. Lakini kwenda nyumba za watu kuwaomba nyavu zao, utaenda mwenyewe."

"Mimi hawanijui, mama."

"Ndiyo," Asia alisema. "Waambie hivyohivyo, kwamba hawakujui, na kwamba baada ya miaka mitatu hujui kama utakuwepo."

Akamwonyesha njia ya kwenda kwa mwenyekiti, akarudi darasani.