Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Mama mkwe wangu alikuja Sydney kutoka Tanga kututembelea kwa miezi mitatu. Korona ikafunga mipaka, ndege zikawa za kubahatisha, naye akabaki nasi mtaa wa Guildford katika fleti ambayo jiko na sebule ni kitu kimoja, hata pazia hakuna. Wakati huohuo hoteli nilimokuwa nikifua mashuka ikafungwa. Mke wangu ni nesi, kwa hiyo yeye ndiyo kwanza akazidi kuitwa kazini. Nyumbani tukabaki mimi na mkwe wangu.

Anayejua heshima ya ukwe ya kwetu ameshaelewa. Mimi na mama yule hatukuwahi kutazamana machoni. Nikikohoa sebuleni, yeye anarudisha mlango wa chumbani. Kula mbele yangu ndiyo usiseme kabisa. Nami, mjinga wa mwisho, nilishinda kwenye kochi nikifuatilia habari za korona, nimeziba njia ya jikoni.

Mke wangu ndiye aliyegundua, siku alipomwona mama yake akikaza kanga iliyokuwa inamporomoka kiunoni.

"Mama hali," aliniambia, machozi yanamlenga. "Ananisubiri mpaka nitoke shift. Mtaniulia mama yangu kwa adabu zenu!"

Kesho yake nikaona nitoke mimi. Nikaenda kukaa ndani ya gari, chini ya fleti. Mama mkwe akachungulia dirishani, akampigia bintiye simu kazini, akasema hawezi kumeza tonge huku mwenye nyumba amefukuzwa kwake. Nilikasirika. Sasa nifanyeje, nihamie mtini?

Basi vizuizi vilipolegezwa nikajigeuza mtembeza watalii, mtalii mwenyewe mmoja. Yeye alikaa nyuma, kwenye pembe ambayo kioo changu hakiifikii. Akiwa na la kusema, alimpigia mke wangu wakati wa mapumziko na kuweka sauti ya juu.

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo."

"Mume wangu, punguza mwendo."

"Mwambie mama nimesikia."

Tulianza na lile jumba maarufu la muziki, la mapaa meupe baharini. Alilitazama kwa muda, kisha simu ikaulizwa ni fundi gani aliyeezeka kabla ya kujenga nyumba. Bahari yao aliisifu, ila haikunuka samaki, akawa na wasiwasi nayo. Harris Park, kwa Wahindi, alivutwa na harufu ya bizari, akasema pale wanakaa watu wanaojua harusi. Cabramatta ndiyo iliyomtoa garini kwa mara ya kwanza. Aliona matembele, mastafeli na madafu yamepangwa barabarani, akashuka na barakoa yake, akaanza kubishana bei kwa Kiswahili na bibi wa Kivietnamu aliyemjibu kwa Kivietnamu. Waliachana wakicheka. Miaka yote niliyoishi mji huu nilijua njia ya kwenda kufua mashuka na ya kurudi, na kumbe kulikuwa na miji mingi ndani yake.

Utaratibu wa chakula ulikuwa mmoja. Nilinunua, nikakiweka kiti cha mbele, nikaenda zangu mbali nisipoweza kumwona. Akimaliza, alinyoosha mkono akapiga honi. Watu wa mtaa walinionea huruma, wakidhani nimegombana na mama yangu. Mimi sikujali, maana kanga ilikuwa imeanza kukaa vizuri kiunoni.

Siku moja tulikuwa Auburn, kwa Waturuki, mvua inamwagika. Nilinunua mkate na nyama ya kuchoma, nikaenda kujibanza chini ya paa la duka la vitambaa. Honi ikalia mapema mno. Nikakimbia nikijua yamempata makubwa.

Simu ilikuwa imezimwa mapajani mwake. "Baba," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha mimi mwenyewe, "kila siku unanunua chakula cha mtu mmoja. Wewe unakula wapi?"

Sikuwa nakula. Niliona aibu hata anikute na makombo mdomoni.

Alikuwa amegawa mkate na nyama, fungu langu liko kiti cha mbele juu ya karatasi. "Ingia, unalowa. Wewe tazama mbele, mimi natazama dirishani. Haya, kula."

Nikageuza kioo kikatazama juu, tukala. Nyama ilikuwa na pilipili, na mimi nikila pilipili siwezi kula kimya. Mara nikasikia kicheko nyuma yangu. "Kumbe unatafuna hivi! Binti yangu mvumilivu." Nilitaka gari limeze mwili wangu mzima, na papo hapo nikacheka hadi nikapaliwa.

Mwezi wa tisa hoteli ikaniita kazini. Mke wangu akashukuru Mungu, maana sasa mama angekuwa na jiko peke yake kutwa nzima. Siku ya kwanza nilirudi jua likizama, nikamkuta mke wangu mlangoni na sare zake, amenuna.

"Ulikuwa wapi muda wote huu? Mama amepika tangu mchana na hajaonja. Anasema tunakusubiri wewe."

Mama mkwe alitoka chumbani, akaketi mkekani, akamgeukia bintiye. "Pakua, mwanangu. Watu tuna njaa."

Nikanawa, nikaketi. Nilifika katikati ya sahani ndipo nikakumbuka kuwa sijampa mgongo. Nilipoinua macho, alikuwa ananiongezea mchuzi.