Upande wa Nyuma wa Mlango

Mama alikaa kiti cha mbele na mto mgongoni, siku mbili nzima kutoka Tabora mpaka pwani. Hakuuliza hata mara moja kwa nini mimi, mtu nisiyetulia mahali, niliazima gari ili nimpeleke kutazama mlango.

Ulikuwa mlango wa nyumba yetu ya zamani. Kwa nje ulichongwa maua na minyororo. Kwa ndani ulikuwa mbao tupu, na huko ndiko baba alikokuwa akiandika kwa penseli ya seremala, kwa herufi za Kiarabu, kila aliyezaliwa na kila aliyefariki. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa kifo cha dada yangu, kifungua mimba, aliyekufa mdogo kabla mimi sijazaliwa. Mama hakujua kusoma. Alijua tu mstari ulipo. Kila mwaka baba alimsomea tarehe, na siku ikifika wakamwombea mtoto dua, mama akapika bokoboko na kuwagawia majirani.

Baba alipofariki, ukuta wa mbele ulianza kulala, akaja mnunuzi wa milango na lori. Mama alikuwa Nzega kwa shangazi, anaumwa. Alinipigia simu: uza, lakini kwanza nakili ule wa juu.

Mimi niliacha shule mapema, na madrasa niliiacha mapema zaidi. Herufi nazitambua mojamoja, kama watu niliowahi kupishana nao njiani. Nilisimama mbele ya ule mstari uliofifia nikaona utanichosha. Dereva wa lori alikuwa anasimulia milango ya namna ile inakokwenda, na masimulizi ya aina hiyo hunichota akili. Nilipogeuka, mlango ulikuwa umeshafungwa kamba.

Jioni mama alipiga tena simu, akauliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

Nikamtajia siku ya mfungo nane, kwa kuwa ndio mwezi uliokuwa umeandama juzi yake.

"Mimi nilikuwa nadhani ni karibu na kufunga," akasema. "Kumbe uzee huu."

Tangu siku hiyo anamwombea binti yake katika siku niliyoitunga mimi.

Nimezunguka sana baada ya hapo. Nimekausha tumbaku Goweko, nimekuwa utingo wa malori. Mwaka jana lori lilinishusha katika mji ule wa pwani ambako zamani misafara ya wapagazi kutoka kwetu iliishia. Kwa kuwa sipiti mahali bila kuchungulia, niliingia katika nyumba ya mfanyabiashara wa enzi hizo, ambayo sasa ni makumbusho. Nikauona mlango wetu chumba cha kwanza. Walikuwa wanafunga, wakanitoa.

Ningeweza kurudi peke yangu. Lakini mstari ulikuwa umefifia tangu zamani, na anayejua kwa hakika ulipo ni mama. Nilipanga aniwekee kidole, niupige picha, nimtafute mwalimu wa kuusoma. Nikishapata tarehe ya kweli, ndipo nikiri.

Tulipoipita Itigi, mama alitazama pori muda mrefu.

"Hapa walipita kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama. Na pembe za ndovu begani."

"Wewe ungetua mzigo hapahapa, ukaoa."

Alicheka peke yake karibu mpaka Manyoni.

Kwenye makumbusho tulipokewa na dada mmoja mwenye beji shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeufuata mlango wangu."

Dada akatabasamu, akatupeleka. "Huu ni wa hapahapa pwani, bibi. Imeandikwa pale."

"Aliyeandika hakuniuliza mimi. Tazama chini kushoto. Kuna alama ya pasi ya mkaa. Niliiegemeza pale, mume wangu akanuna siku tatu."

Dada aliinama. Alama ilikuwepo, nyeusi, imechongoka mbele. Alipoinuka alikuwa hatabasamu tena, akamsogezea mama kiti.

Mama hakukaa. Alikuwa anautazama mlango vibaya, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Nami ndipo nikaona. Mbao zote mbili zilikuwa zimefungwa na zimepigiliwa ukutani pamoja na fremu yake. Maua yametutazama sisi. Upande wa baba umeutazama ukuta.

"Unafunguka?" nikauliza.

"Haufunguki, kaka. Ukiutoa, na ukuta unatoka."

"Kabla ya kupigiliwa, nyuma yake mliifanyaje?"

"Mafundi waliupiga msasa na mafuta, naona. Kama ni pande zote, sijui. Sikuwepo."

Nilipiga magoti, nikawasha tochi ya simu kwenye upenyo kati ya mbao na ukuta, usiotosha hata kidole. Niliona utando wa buibui na chokaa. Juu kabisa palikuwa na kitu cheusi ambacho kingeweza kuwa penseli, na kingeweza kuwa kivuli cha simu yangu. Nilibaki pale mpaka goti likafa ganzi.

"Unatafuta nini?" mama aliuliza. "Si uliandika?"

"Niliandika, mama."

Aliinua mkono, akaugusa mlango kwa mbele, juu, usawa wa ule mstari. Akakikalisha hapo kiganja chake, juu ya maua, huku midomo ikicheza. Wageni wengine waliingia, wakapiga picha, wakatoka.

Garini alifunga mkanda mwenyewe, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Bado siku tisa ifike siku yake," akasema. "Tutakuwa tumeshafika nyumbani. Unikumbushe ngano ya bokoboko."

"Nitakukumbusha, mama," nikasema, nikawasha gari.