Sufuria Iliyosuguliwa Mno

Wilbroad Rutashobya alikuwa na miaka kumi na tisa ya ubwana afya wilayani Muleba kabla hajashuka uwanja wa ndege wa Dallas, na Texas haikuona sababu ya kuutambua hata mmoja. Anafunga matairi Mesquite, kando ya Dallas. Ni kazi ya heshima: gari linaingia likitetemeka, linatoka limetulia, na hakuna anayebishana naye kuhusu choo. Watu wa nyumbani bado wanamwita Bwana Afya, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu aliwahi kuwafungia baba zao mgahawa.

Risasi alikutana nayo hapo kazini. Kwenye ringi za magari ya zamani hubandikwa vipande vya risasi, madini ya kijivu, mazito, laini kiasi cha kukwaruzika kwa kucha, ili gurudumu lizunguke sawasawa. Vikishang'olewa vinatupwa kwenye ndoo. Ndoo hiyo ilikuwa ya Royce, fundi mzee wa hapo dukani, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akienda nayo kwake, anaviyeyusha, anavimimina kwenye kalibu ya chuma yenye matundu mawili, na kupata risasi za bastola mbili mbili. Magoti yalipoanza kumgomea, alimrithisha Wilbroad kalibu, kijiko kirefu cha kuchotea, na somo la Jumamosi moja.

Wilbroad hakuwa mtu wa bunduki. Bastola aliyonayo aliinunua baadaye ili risasi zipate pa kwenda, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kuwa amepewa kamba. Kila baada ya wiki kadhaa huenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha, hutoboa karatasi, hurudi nyumbani ameridhika. Mkewe Gaudence, anayewahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia, aliuliza mara moja tu.

"Unataka kumpiga nani?"

"Karatasi."

"Haya." Akarudi jikoni.

Alichokipenda Wilbroad ni kuyeyusha kwenyewe. Uchafu ule wa barabarani, wenye gundi na grisi, unaingia motoni. Baada ya muda taka zinapanda juu, unazikwangua, na chini panabaki kitu kinachong'aa kama kioo. Kazi nyingine zote za wiki hurudi Jumatatu vilevile. Hii ilikuwa na mwisho.

Tatizo lilianzia kwenye chombo. Chungu cha chuma alichopewa na Royce kilipasuka mwezi wa tatu, na Wilbroad, kwa kufikiri kitaalamu, akachagua mbadala kwenye rafu ya gereji: sufuria kubwa ya alumini, ile ya kupikia watu mia, ambayo mama yake Gaudence aliisafirisha kutoka Mwanza ikiwa imejazwa vitenge. Sababu zake zilikuwa za usalama. Ni pana, kuta zake ni ndefu, kitu kikichemka hakirukii miguuni. Aliweka risasi kidogo chini kabisa, akaisimamisha juu ya lile jiko la gesi ambalo majirani hukaangia bata mzinga, nyuma ya nyumba, yeye amesimama upande unakotoka upepo. Alivaa glovu na buti. Mkaguzi yeyote angempa alama nzuri.

Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake. Mtu aliyelelewa Kamachumu hawezi kurudisha sufuria rafuni ikiwa chafu. Aliisugua kwa sabuni na waya wa chuma, ndani na nje, masizi yote yakaisha, akaifunika kifudifudi ikauke. Jumamosi nne mfululizo aliyeyusha, na Jumamosi nne mfululizo alisugua. Hapakuwa na sufuria iliyong'aa kuliko hiyo toka Fort Worth hadi Mesquite. Kuandika juu yake kwamba si ya chakula hakukumjia. Nani anaandika ujumbe kwenye sufuria ya nyumbani kwake mwenyewe?

Jumamosi ya tano, saa nne asubuhi, alifungua gereji akakuta rafu iko wazi. Akampigia Gaudence kazini.

"Ile sufuria kubwa iko wapi?"

"Alikuja kuichukua Theodora jana. Si leo ni kipaimara cha binti yake, Abigail? Nilikwambia."

"Uliniambia kipaimara. Hukuniambia sufuria."

"Kuna kipaimara kisicho na sufuria? Kwanza nilimpa hiyo kwa sababu ndiyo safi. Nikamwambia, mume wangu siku hizi anasugua vyombo, omba na wewe upate wa hivyo. Kwa nini unaiulizia?"

Wilbroad akamwambia kwa nini. Gaudence hakupiga kelele. Alikuwa ukumbini, mbele ya wazee wanaotazama televisheni. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ingia kwenye gari," akakata.

Kutoka Mesquite hadi Arlington ni dakika arobaini barabara ikikupenda. Alimpigia Theodora, rafiki wa mkewe anayeishi huko, mara sita. Simu ya Theodora, kama alivyokuja kujua, ilikuwa imeunganishwa na spika ikipiga nyimbo za kwaya, na kila alipopiga, nyimbo zilinyamaza, mtu akabonyeza, zikaendelea. Misa ilikuwa saa nane, kwa hiyo chakula kingeanza kuliwa saa kumi hivi. Muda ulikuwepo. Aliutumia kutunga uongo. Sufuria inavuja. Sufuria ameahidi kumwazima mtu mwingine. Kufika Grand Prairie ule wa kuvuja ulikuwa umekamilika, una hadi mahali tundu lilipo.

Alikuta gereji ya Theodora iko wazi na harufu ya pilau imefika barabarani. Gelasius, mume wa Theodora, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akilinda moto. Sufuria ilikuwa imejaa, imeiva, inatoa mvuke. Mezani walisimama watoto watatu wameshika sahani za karatasi. Ni wa Sandrine, rafiki wa familia, Mkongo, aliyetoka Houston kabla ya jua ili kuwahi misa.

"Bwana Afya," Gelasius akasema. "Umekuja kukagua? Vyoo viwili, vyote vina maji."

"Watoto wanakula saa hizi?"

"Hawa tu," akajibu Sandrine. "Batoto banasikia njala tangu Corsicana. Siwezi kubaingiza kanisani hivi."

"Is it ready?" akauliza mdogo wao, akiielekeza sahani kwa Wilbroad kana kwamba ndiye mpishi.

Theodora akatoka ndani amejifunga khanga, mwiko mkononi. "Shemeji! Umekuja kusaidia au umekuja kula mapema?"

"Theodora, hiyo sufuria inavuja."

Wote wakainama kuangalia chini ya sufuria. Sakafu ilikuwa kavu.

"Inavujia wapi?"

"Ikipata moto sana."

"Imekaa motoni tangu saa tatu," alisema Gelasius. "Unataka ipate moto upi tena, wa milele?"

Theodora alicheka, akachota pilau kwa ncha ya mwiko, akapuliza, akakinga mkono chini na kumletea Wilbroad mdomoni, kama anavyofanyiwa mgeni wa kwanza kufika penye mapishi. "Onja kwanza. Mimi nimeshaonja chumvi mara mbili, sasa sioni tofauti. Wewe ukisema imekolea, tunawapakulia watoto."

Wali ulikuwa na karafuu na nyama ya mbuzi. Wilbroad aliutazama. Nyuma ya mwiko aliziona zile sahani tatu.

"Usiwape," alisema. "Mwezi mzima nimekuwa nikiyeyushia risasi humo ndani. Madini ya risasi, yale ya magurudumu. Ni sumu. Gaudence hakujua."

Spika iliendelea na pambio lake. Theodora alirudisha mwiko polepole.

"Kwenye sufuria ya mama yake Gaudence," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini uliisugua," akaingilia Gelasius, ambaye tangu saa tatu alikuwa amewekeza kwenye pilau hiyo kuliko mtu yeyote. "Mimi mwenyewe niliishangaa. Na moto wote huu, si umeua?"

"Kuua nini? Si kidudu. Haifi. Na nilivyoisugua kwa waya ndiyo nimezidi kuiingiza kwenye alumini."

"Basi watoto wasile. Sisi watu wazima tumekula mangapi. Tumekunywa maji ya ziwani, Wilbroad, na wewe ukiwa ndiye bwana afya."

Mgeni mmoja aliyekuwa akipanga viti akasema kweli, kidogo hakiwezi kudhuru. Mwingine akapendekeza ipakuliwe ile ya juu tu, isiyogusa sufuria. Wilbroad aliyasikiliza maneno hayo na kuyafahamu moja moja, kama mtu anayekutana na ndugu zake stendi. Alijua pia mwisho wake: ungekubaliana kwamba chakula kinamwagwa, ungeondoka, na nusu saa baadaye kingekuwa mezani kimebadilishwa bakuli. Kazini kule Muleba walikuwa na njia yao. Walikuwa wanamwaga mafuta ya taa juu, ndipo wanaaga.

Aliingia jikoni kwa Theodora, akarudi na chupa ya sabuni ya vyombo, ya kijani, ile kubwa. Akaimimina yote juu ya pilau, kwa mzunguko, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kisha akazima gesi.

Hakuna aliyemzuia. Gelasius alisimama, akakitazama kiti chake, akaketi tena. Mtoto wa Sandrine akaishusha sahani.

"Sasa tunakula nini?" Theodora akauliza.

"Mchele upo?"

"Upo."

"Sufuria nyingine?"

"Ndogo tatu."

"Nipe vitunguu."

Alimenya vitunguu hadi saa saba na nusu, hakukaa. Watu wa kipaimara walikula wali kwa zamu, sufuria tatu ndogo zikipokezana, pamoja na kuku wa kukaanga ambao Gelasius aliwafuata dukani bila kumsemesha mtu. Abigail, mwenye sherehe yake, alipiga picha na kila mtu. Kwenye ile ya Wilbroad anaonekana ana macho mekundu, na wasiojua walidhani ameguswa na ibada.

Jumatatu Theodora alikwenda kupimwa damu kwa sababu ya ule uonjaji wake, na Gaudence akampeleka Wilbroad kliniki ya Mesquite kwa sababu ya kila kitu kingine. Ijumaa Theodora alipiga simu.

"Risasi kwenye damu yangu ni moja, shemeji. Daktari anasema hata wasiokula pilau wana moja. Yako?"

"Ishirini na sita."

Maneno ambayo Theodora alikuwa amemwekea tangu Jumamosi, na yalikuwa mengi, aliyaacha. "Basi wewe ndiye uliyekuwa unaila," akasema. "Rudi kwa daktari."

Aliporudi, nesi wa kliniki alimkalisha kwenye kiti, Gaudence pembeni, akamuuliza maswali kutoka kwenye fomu. Anayeyushia wapi? Nje. Anavaa glovu? Anavaa. Anavuta sigara? Hapana. Anakula chochote akiwa kazini?

"Hapana," alisema Wilbroad. "Kula penye kazi ni marufuku. Nimelifundisha hilo mwenyewe."

"Na kahawa?" akauliza Gaudence kwa Kiswahili.

"Ile siyo kula."

Nesi akataka kujua wanasema nini. Gaudence akamweleza kwamba kwao Bukoba kahawa haisubiri kikombe, hutafunwa. Punje zinachemshwa na maganda yake, zinakaushwa, na mtu hutembea nazo mfukoni, anatafuna moja, anampa mgeni moja. Wilbroad anazivua glovu ili aichukue, anaitia mdomoni kwa vidole vilivyozishika, anazivaa tena. Jumamosi nzima.

Gaudence akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati la mumewe, akatoa punje saba, nyeusi, akazipanga juu ya karatasi mezani. Nesi alizitazama muda, akavuta droo, akavaa glovu.