Mkanda wa Zege wa Nyumba ya Itaba

Nakumbuka asubuhi moja kule Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, mwanangu, nikiwa juu ya jukwaa la miti, mwiko mkononi, ujana umenijaa kichwani. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania nilikokulia, nikapata kazi kwa fundi mwashi wa pale, Mzee Rajabu.

Nyumbani Itaba nilikuwa nimeshajenga nyumba ya kuolea, maana kwetu nani akupe binti yake huna paa? Nilijenga mbiombio. Nikaezeka vigae vya udongo, vizito, watu waone. Lakini ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta zote kwa juu niliuruka. Nani angeuchungulia?

Basi asubuhi hiyo jukwaa likayumba, nikajikuta chini. Vumbi kidogo, ufa mmoja ukutani, kwisha. Mchana redio ikasema tetemeko kubwa limepiga upande wa Tanzania, nyumba zimeanguka na watu wamekufa. Mimi, kwa akili zangu fupi, nikasema, "Tushukuru, hilo lilikuwa la kwao."

Eh! Mzee Rajabu aliweka mwiko chini.

"La kwao? We unafikiri tetemeko inasimama kwa barieri ya mpaka, inaonyesha kitambulisho? Bonde ya ziwa Tanganyika iko huku kwetu, na ni ardhi kupasuka ndiyo ilifanya hiyo bonde. Leo imepiga kule, siku ingine itapiga huku, mi sijui lini. Sasa niambie, hizo nyumba zimeanguka zilijengwa na nini?"

"Matofali na udongo, mzee. Kama zetu."

"Na ya kwako ya Itaba, iko na mkanda?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamwona akilini Spesiosa, mchumba wangu, amelala chini ya vigae vile. Nililia, sikufichi.

Nikarudi Itaba, nikashusha vigae kimoja kimoja, nikamwaga mkanda, nikaezeka mabati mepesi. Harusi ikasogea msimu mzima. Majirani walinicheka, baba mkwe akanuna. Spesiosa ndiye aliyemwambia, "Baba, mwache amalize. Atakayelala humo ni mimi."

Tangu hapo mitikisiko midogo imepita, vikombe vimegongana kabatini, tumecheka. Kubwa halijatufikia. Huenda utaliona wewe, huenda mjukuu wako.

Ndiyo maana jana, nilipofika Musinzira kwenye nyumba yako ya kuolea, nikakuta vigae umeshavipanga paani na kuta juu hazina mkanda, chakula chako nilikiacha mezani. Ulidhani nimekasirika. Niliogopa, mwanangu. Tetemeko la mbali ukilisikia, uliza nyumba zipi zilianguka na zipi zilibaki, halafu nenda kaangalie ya kwako. Harusi isogeze. Kwa mkweo nitakwenda mimi, kununiwa nimeshazoea.

Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto, na siku ardhi itakapotikisika mtoke wote, mhesabiane uani, asipungue hata mmoja. Kesho asubuhi nakuja na mwiko wangu.