Tulipunguza Makali Tu

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mwandishi wa mchezo, yaani mimi, nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa kiganja changu mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana hadi leo nikikumbuka najikasirikia.

Nilimaliza chuo, sanaa za maonyesho. Miaka miwili nikazunguka na bahasha. Kila ofisi wananiuliza, "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kuigiza?" Wanacheka. Nacheka nao, roho inauma.

Nikaandika mchezo wa jukwaani. Unaitwa Ufa.

Unahusu mkaguzi wa majengo, mtu wa kawaida kabisa, anayejipigia pasi shati mwenyewe. Siku moja bosi anamwomba afute mstari mmoja kwenye ripoti, unaotaja ufa. Mwezi ujao, mitatu. Mwisho anatia saini bila hata kwenda kuliona jengo.

Ukuta wa shule unaua watoto wawili.

Mkaguzi huyo ni baba yangu.

Habari zote nilipewa na mama, tukikunja nguo. Alikuwa na sharti moja.

"Andika utakavyo. Ila siku ile ukuta ulipoanguka nilimwambia baba yako neno, na hakuna mwingine aliyelisikia. Nataka watu walisikie."

Neno lenyewe hili hapa: "Mkono uliofuta ufa usinishikie mwanangu."

Mwana huyo ni mimi. Nilikuwa na miezi minne.

"Nakuahidi, mama."

Wiki mbili kabla ya onyesho, msimamizi wa ukumbi akaniita. Tulimwita Mzee Funguo, kwa ule mzigo wa funguo kiunoni.

"Mwanangu, mchezo mzuri. Lakini mgeni rasmi ni mkuu wa ofisi ya ujenzi. Hao watoto waumie tu."

"Mzee, walikufa."

"Najua. Hatufuti kitu. Tunapunguza makali tu."

Nikapunguza. Watoto wakavunjika miguu.

Siku tatu baadaye akaniita tena. Shule ikawa ghala, watoto wakatoweka kabisa. Nikajiambia potelea mbali, bora mchezo uonekane.

Dada aliyeigiza nafasi ya mama, tuliyemwita Spika kwa sauti yake, akanivuta pembeni.

"Mwandishi, unatuambia 'tunapunguza makali tu.' Hayo si maneno ya bosi, ukurasa wa saba?"

"Kila mtu husema hivyo."

"Ndiyo maana uliyaandika."

"Wewe kariri sehemu yako, bwana."

"Nakariri nini? Kila nikiamka naikuta imehama."

Siku moja kabla ya onyesho, Mzee Funguo akataka neno la mama litolewe. Alisema linachoma.

Nikakataa. Kwa mara ya kwanza, nikakataa.

Akafungua funguo kiunoni, akaziweka mezani taratibu. "Basi tafuta ukumbi mwingine. Kesho saa tisa mchana si mbali."

Nikachukua penseli.

Mama alifika mapema, kavaa gauni lake la sherehe, akakaa safu ya pili.

"Neno langu lipo?"

"Lipo, mama."

Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho. Wepesi huo ndio ulionitisha baadaye.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kunong'oneza. Mwigizaji akisahau, namkumbusha kutoka nyuma ya pazia.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Spika alipompokonya mumewe mtoto. Hapo alitakiwa kuondoka tu.

Hakuondoka. Akageuka, akatazama pazia.

Spika hasahau maneno. Alikuwa ananisubiri mimi.

Neno likanijaa mdomoni. Nikamchungulia mgeni rasmi, kakunja uso. Ndipo nikajiziba mdomo.

Spika hakusogea. Mtu akakohoa.

Kisha sauti ikatoka safu ya pili, ya chini, imepasuka katikati.

"Mkono uliofuta ufa usinishikie mwanangu."

Spika akainamisha kichwa, akatoka na mtoto wake. Makofi yakalipuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mgeni rasmi akanifuata nyuma, macho mekundu.

"Kijana, kumweka yule mama kati ya watazamaji, umeniweza. Ila niambie, mke anakasirika vile kwa ajili ya ghala tupu?"

"Ilikuwa shule, mzee. Tulipunguza kwa ajili yako."

"Nani alikuambia mimi nataka kupunguziwa?"

Nikamtafuta Mzee Funguo kwa macho. Alikuwa anahesabu viti.

Hakutumwa na mtu. Alikisia tu, na mimi nikafuata kukisia kwake.

Nikatoka mbio, nikamkuta mama juu ya ngazi. Goti lake bovu, siku zote namshika akishuka. Nikanyoosha mkono.

Akaushika ukuta.

"Nashuka mwenyewe, mwanangu."

Ndugu zangu, nilidhani nikija kuharibika nitajua. Nilidhani uovu utakuja na sura mbaya, nami nitaukatalia mlangoni. Ulikuja na sauti ya upole ukaniomba mstari mmoja.

Jumamosi tunauigiza tena, uwanjani, bila ukumbi wala mgeni rasmi. Shule imerudi kuwa shule. Watoto wawili wamerudi, na watakufa kama walivyokufa.

Mama hajasema kama atakuja. Nimemwekea kiti safu ya mbele.

Anayekuomba umpunguzie ukweli makali, muulize kwanza ni nani atakatwa ukibaki na makali yake.