Mama Aliyetaka Vita Viendelee

Mwaka ule wa sabini na tisa soko zima la Nyakoe, kwetu Kisii, lilitaka jenerali wa Uganda aanguke upesi. Mama yangu peke yake ndiye aliyetaka vita viendelee, na watu wakaanza kumtazama vibaya.

Tuliuza ndizi mbele ya kibanda cha fundi cherehani, Mjaluo kutoka pande za ziwani. Fundi alikuwa na redio, kwa hiyo taarifa ya habari ya mchana ikifika, nusu ya soko ilihamia kwake. Mabishano yalikuwa ya Kiswahili, maana fundi hakujua Kikisii. Kiswahili cha mama kilitosha kuuzia ndizi tu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi sijapata, basi nilikaa kando yake nikimgeuzia maneno yote kwa Kikisii, pamoja na matusi.

“Huyo alisema nchi yetu ni yake mpaka karibu na Naivasha,” alisema mwenye bucha siku moja. “Yaani mimi hapa ni Mganda na sina habari! Wacha apigwe.”

“Na ulipokuwa unamsifu kwa kufukuza Wahindi,” fundi alimwuliza bila kuinua macho kwenye cherehani, “ulikuwa Mganda au Mkisii?”

“Hiyo ilikuwa zamani, fundi.”

“Zamani gani? Shati la siku ile nilikushonea mimi, na ndilo umevaa.”

Watu walicheka, mwenye bucha naye akacheka akificha kola. Kisha wakarudi kwenye vita. Wengine walisema Watanzania ni wanaume, wanatembea kwa miguu kwenye matope hadi Kampala. Wengine waliuliza tuwapigieje makofi watu waliotufungia mpaka wao, hata lori la mahindi halipiti. Walibya walikuwa wameleta askari kumsaidia jenerali, na hilo lilimshangaza kila mtu. Mzee mmoja aliuliza kama kwao jangwani vita vimeadimika. Serikali yetu ilisema haimo, na soko liligawanyika kama huo ni ujanja au ni woga.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia niwaulize swali moja: “Wataendelea kupigana kwa muda gani?”

“Mwezi huu hauishi kabla hajaanguka, mama,” mwenye bucha akamjibu kwa furaha.

“Mwambie asiseme hivyo,” mama alisema. “Mwambie wapigane bado.”

Niliyageuza maneno yake jinsi alivyoyasema. Mwenye bucha akamtazama mama, akanitazama mimi. “Kumbe jenerali ana watu wake hapa Nyakoe,” alisema. Tangu siku hiyo walimwita mke wa jenerali, na wanunuzi kadhaa wakahamia kwa mwanamke wa mstari wa pili.

Hawakujua yaliyokuwa nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari karibu na Jinja. Miaka ya nyuma salamu zake zilikuja na kila mtu wa Ekerenyo au Kisii aliyetoka huko. Wakenya walipoanza kuuawa Uganda wengi walirudi, yeye hakurudi, na salamu zikakatika. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mdogo wake, ambaye sisi tulimwita baba mdogo, ndiye aliyesimamia boma letu, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wanaotaka kuoa, na kwa ukoo wetu mtu aliyepotelea mbali bila kuzikwa huwafungia njia wadogo zake. Dawa yake ilijulikana: ukoo unakata mgomba kutoka shamba la mama yake aliyemzaa, shamba hilo na si jingine, wanauvisha shuka, wanachimba kaburi kando ya nyumba, wanauzika na kumlilia mtu wao. Baada ya hapo ni marehemu. Hata akirudi kwa miguu yake, hawezi tena kuingia mlangoni kama mtu wa nyumba ile.

Mama alikataa mara tatu. Mwishowe baba mdogo akampa sharti mbele ya wazee.

“Shemeji, sitaki tugombane. Tungoje vita viishe. Njia zikifunguka na asije, tutamzika. Umekubali?”

“Nimekubali,” mama alisema, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Ndiyo maana alitaka Walibya waongezwe.

Kampala ilipotekwa, Nyakoe walicheza. Mwenye bucha aligawa matumbo bure. Fundi alizima redio, akaja akakaa kwenye kikapu chetu kilichopinduliwa, akaniuliza kwa sauti ya chini mama ana nini hasa. Nilimweleza. Akainuka akaenda kuzungumza na mwenye bucha. Kesho yake mwenye bucha alikuja na nyama iliyofungwa kwenye jani. “Mama,” alisema, akamnyoshea kwa mikono miwili. Mama alipokea nyama, akamchagulia ndizi zilizoiva vizuri.

Jioni hiyo mama aliniambia, “Wewe miguu yako haijawahi kutulia hapa nyumbani. Nenda nayo mpakani. Baba yako mdogo atakuja Jumapili baada ya kanisa.”

Nilipanda lori la ndizi hadi Kisumu, na jingine hadi Busia. Watu walikuwa wanavuka na magodoro, kuku, cherehani vichwani. Nilisimama njiani nikiuliza kila aliyeonekana ametoka Jinja. Mmoja alikijua kile kiwanda; alisema mitambo ilisimama zamani na watu wakatawanyika, wengine kaskazini, wengine kuelekea Zaire. Kaka yangu hakumjua. Hakuna aliyeniambia yu hai, wala hakuna aliyeniambia amekufa. Jumapili nilirudi na hilo tu.

Nyumba yetu haikuonekana kutoka barabarani, migomba iliificha. Siku hiyo niliiona kutoka mbali, bati, mlango na mama ameketi kizingitini. Shamba lote lilikuwa limelala chini. Alikuwa amekata kila mgomba, wenye mkungu na usio na mkungu, akavikatakata vigogo vipande vipande, na ng'ombe wa majirani wanne walikuwa wanakula. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu hadi viwikoni. Vilivyobaki vimesimama vilikuwa vichipukizi tu, virefu kama mkono wangu.

“Umemwona?” aliniuliza.

“Sikumwona. Lakini hakuna aliyemzika.”

“Basi tuko sawa.”

Baba mdogo alifika na wazee wawili na shuka mpya. Aliitazama migomba iliyolala chini. Ile ilikuwa biashara yetu yote, na chakula chetu.

“Shemeji, umefanya nini?”

“Nimelisha ng'ombe.”

“Sasa tutazika nini?”

“Chagueni hapo,” mama alisema, akionyesha vichipukizi. “Kama kuna kimoja kinachotosha mwanamume niliyemzaa, chukueni. Kama hakuna, ngojeni vikue.”

Mzee mmoja alikohoa, na nilijua ni kicheko. Baba mdogo alikunja shuka akaiweka kwapani.

Mwaka ule tulikula mtama na viazi vitamu, na mama aliuza mboga Nyakoe. Migomba ilikua. Ilipozaa tena, baba mdogo alikuja siku moja peke yake. Wana wake walikuwa wamekwisha kuoa na hakuna aliyedhurika. Alikunywa uji, akatembea shambani na mikono nyuma, akigusa vigogo. Mama alisimama na panga mkononi akingoja. Baba mdogo alipotoka mle ndani ya majani alimwomba mkungu mmoja wa kupika, mama akamkatia.

Mimi sikukaa. Nimeishi Busia, Tororo, Mbale, Arua, na miji mingine nisimokaa zaidi ya msimu mmoja. Kila ninapofika huuliza kwanza palipo na mitambo.