Fomu Niliyoiweka Ndani ya Biblia

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Nechells, mtaa wetu huku ugenini, mwanangu, mwalimu aliponipa karatasi nikaiogopa kuliko ugonjwa. Nilikuwa baba kijana kama wewe leo, miaka michache tu tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Binti yangu Neema alikuwa na miaka tisa na bado hajui kusoma. Mwalimu alinieleza kwamba sheria ya nchi hii inampa mzazi haki ya kuliomba baraza la jiji lipime mahitaji ya mtoto shuleni, ili asiachwe nyuma na wenzake. Fomu ilikuwa hiyo, kilichobaki ni sahihi yangu.

Nikasema, "Asante sana, kila kitu ni kizuri." Nikaenda kuiweka ndani ya Biblia.

Usinicheke. Kambini, aliyenung'unika alifutwa jina kwenye orodha ya unga. Nilikuwa nimejifunza kushukuru na kunyamaza, nikadhani ni kitu kimoja.

Mwaka ukapita. Jirani yetu Mama Surjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alikuja kurudisha sufuria akamkuta Neema analia juu ya kitabu. Akaniuliza kama shule haijasema neno. Nikafungua Biblia, nikamwonyesha.

"Kumbe iko! Humo ndani inafanya nini?"

"Naiombea, Mama."

"Baba Neema, Mungu ameshaisoma. Bado baraza."

Nikajitetea kwamba sisi ni wageni, na kwamba kambini aliyelalamika alifutwa kwenye mgao. Akatikisa kichwa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelishika miaka mingapi kule ghalani unakobeba mizigo? Sheria si mgao wa unga, bwana. Hakuna wa kukufuta."

Niliitia sahihi siku ile ile, tukaipeleka. Baraza lilikataa mara ya kwanza. Mama Surjit akanionyesha kwenye barua mstari unaomruhusu mzazi kukata rufaa, nikakata. Neema akapata wa kumsaidia. Leo husoma somo kanisani, polepole, kidole juu ya mstari, nami humshukuru Mungu. Lakini alipokua aliniuliza, kwa Kiingereza chake, "Baba, ulikuwa nayo mwaka mzima?" Nikamwambia, "Ndiyo."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Watu walikaa wakatunga sheria ili mtoto wa mnyonge asome kama mtoto wa mwenye nacho, ila sheria haiji yenyewe kubisha hodi. Omba, shukuru, kisha utie sahihi siku hiyo hiyo. Na Mungu aliyetufikisha huku akupe ulimi usioogopa kudai cha mtoto wako, na watoto wasiokuwa na la kukuuliza. Amina.